Siku ishirini na moja za kuwa mganga

Jumapili iliyopita niliahidi kwamba leo tutazungumza juu ya akina mama wazazi na arobaini yao. Mazungumzo hayo itabidi yangoje kidogo, kwa sababu nimeletewa barua ambayo sikuweza kuifungia katika mtoto wa meza.

Aliyeiandika ni kijana wa miaka ishirini na miwili, mkazi wa hapa kwetu Makadara, kisiwani Mombasa. Kidato cha nne amemaliza, kazi hana, na kila asubuhi hupita kwenye nguzo moja ya stima karibu na uwanja ambapo pamebandikwa karatasi. Bila shaka nawe umeiona, au umeona ndugu zake: dawa ya mapenzi, mali iliyoibwa irudi, cheo kipande, kesi ife mahakamani, kisha nambari ya simu. Lakini karatasi hii ina jambo jipya. Mwenyewe, anayejiita daktari kutoka Pemba, anafundisha uganga kwa siku 21. Masomo ni kwa simu, ada ni shilingi 15,000, na mwanafunzi akihitimu atatumiwa mkoba wake kwa basi. Kijana wetu amekwisha kutuma nusu, 7,500, pesa alizokopa kwa dada yake anayeuza viazi karai. Sasa anaandika: "Bwana mwandishi, nimalize nusu iliyobaki, au nimeliwa?"

Jibu la swali hilo halihitaji ukurasa mzima wa gazeti. Umeliwa, mwanangu. Lakini chini ya barua alikuwa ameongeza maneno mengine kwa kalamu tofauti, kana kwamba alikumbuka baadaye: kwamba nyanya yake marehemu alikuwa akitibu watu, kwamba yeye utotoni alimsaidia kutwanga, na kwamba anataka kwa dhati kujifunza. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nivae viatu.

Nilikwenda kwa mzee mmoja ambaye mtaani humwita Maalim tu. Jina lake silitaji; hapendi kutajwa, na karatasi yake huwezi kuiona kwenye nguzo yoyote. Anakaa umbali wa dakika chache kutoka hospitali kuu, ile ambayo jina lake rasmi ni Coast General lakini wenyeji wengi huiita Makadara, basi. Umbali huo uweke akilini, msomaji, tutaurudia. Maalim ana zaidi ya miaka sabini. Chumbani mwake mna jamvi, rafu ya vitabu ambavyo migongo yake imekwisha kuoza, chupa za marashi, bakuli nyeupe za kauri, na kando ya mto wake wa kuegemea kuna rundo la madaftari ya shule, yale yenye majedwali ya hesabu mgongoni.

Nilimsomea barua. Akacheka mpaka akakohoa.

"Siku ishirini na moja!" akasema. "Siku zangu ishirini na moja za kwanza amu yangu hakuniruhusu hata kuvuka kizingiti cha chumba chake. Nilikaa barazani nikichambua ubani. Huu wa kutafuna, huu wa kufukiza, huu umechanganywa na mchanga. Nikikosea, namwaga yote naanza upya."

Baada ya ubani ikaja mizizi na magome, kwa kunusa, macho yamefungwa. Kisha kuandika: mwaka mzima wa kuandika kwa wino wa masizi kabla hajaguswa na wino wa zafarani. Kwa msomaji asiyelijua jambo hili, zafarani ndiyo wino wa kombe. Maalim huandika aya kwenye sahani nyeupe, huziosha kwa marashi au maji safi, na mgonjwa huyanywa. Mwandiko ukiwa mbaya, hakuna kombe. Maalim anasema aliandika kombe lake la kwanza lililonywewa na mtu akiwa katika mwaka wa nne, na amu yake alikuwa amesimama nyuma ya bega lake.

Halafu kuna falaki, na hapa wanafunzi mnaochukia hesabu mnisamehe. Kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake. Alifu ni 1, ba ni 2, jimu ni 3, mpaka ya ambayo ni 10. Kisha makumi, kisha mamia, mpaka herufi ya 28, ghaini, ambayo ni 1,000. Mtu akija, mwenye falaki hulichukua jina lake na jina la mama yake. Tuseme anaitwa Ali, mwana wa Maryam. Ali ni 70 na 30 na 10, yaani 110. Maryam ni 40 na 200 na 10 na 40, yaani 290. Jumla 400. Gawanya kwa 12, inabaki 4, na burji ya nne ni Saratani. Nilimwuliza Maalim kwa nini jina la mama na si la baba. Akanitazama kwa huruma. "Mama hana shaka," akasema.

Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Kazi iko mbele yake: mashukio 28 ya mwezi, saa za sayari, siku njema na siku mbaya. Elimu hii haikuwa ya waganga peke yao, kwani manahodha wa majahazi waliitumia nyota kuvuka bahari, na wavuvi na wakulima wa pwani walihesabu mwaka wao wa siku 365 kuanzia Siku ya Mwaka, kumi kwa kumi, wakajua lini upepo utageuka na lini mbegu zitiwe ardhini. Wenye umri wangu wanamkumbuka Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, mnajimu aliyefariki mwaka 2011, ambaye utabiri wake ulisomwa magazetini na hata waliomcheka waliusoma. Kama nyota zinajua ya kesho, mimi siwezi kukuambia. Ninachokuambia ni kwamba aliyeketi kuzisoma kweli ameketi kwa miaka.

Uganga wa kitabu si uganga pekee wa pwani. Uko wa pepo, na huko shule ni nyingine kabisa. Aghalabu fundi wa kilingeni alianza kwa kuwa mwele: aliugua, akapelekwa kupungwa, pepo akapanda kichwani, akasema jina lake na anachotaka. Mwele akipona hubaki katika chama kama mteja, na hapo ndipo anapoanza kusoma bila kujijua. Anajifunza kila pepo ana ngoma yake, fukizo lake, chano chake, na kitambaa chake kati ya nyekundu, nyeupe na nyeusi. Pepo wa Kiarabu anataka udi na marashi. Wa bara anataka mambo mengine. Wengi katika vyama hivyo ni wanawake, na si wanyonge kama wageni wengine walivyodhani. Mtafiti Linda Giles, aliyekaa na vyama hivi katika pwani ya Kenya na Tanzania, aliandika mwaka 1987 kuwa aliwakuta humo watu wa kila tabaka, pamoja na wenye heshima zao mjini. Mteja anaweza kukaa miaka kumi kabla ya kukabidhiwa mkoba, na mwengine asikabidhiwe mpaka anakufa.

Na kwa jirani zetu Wamijikenda, yuko mganga wa mburuga anayeagua, na yuko anayetibu kwa miti. Wote wawili huwa na aliyewatangulia. Wao pia hutofautisha vikali uganga na uchawi, utsai kwa Kigiriama, kama sisi tunavyotofautisha mganga na mchawi. Mmoja anatibu, mwengine anadhuru. Ni kweli, watu hunong'ona kwamba ajuaye kufungua anajua na kufunga.

Pemba, ambako bwana wa kwenye nguzo anadai kutoka, sifa yake ni ya zamani. Mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh alipita pande hizi, na katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931 akaandika kwamba kisiwa hicho kilisifika kama mahali pa kuhitimu uganga, na kwamba ilisemekana hata kutoka Haiti, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, watu walikuja kusoma. Waugh alipenda kutia chumvi, tumwachie mwenyewe. Lakini hata katika chumvi hiyo, watu walisafiri kwa meli kwenda kwa mwalimu. Hakuna aliyetumiwa mkoba kwa basi.

Sasa, msomaji, usije ukadhani kwamba mambo haya ni ya vilinge na vyumba vya wazee tu. Ingia nyumba yoyote ya Mji wa Kale au Makadara usiku wa kuamkia Ijumaa, uone chetezo kinavyozungushwa vyumbani. Mtazame mtoto mchanga: ana wanja kwenye paji la uso na kipande cha mvuje kimefungwa kwa uzi mweusi, harufu yake inafika mlangoni kabla yake. Nani aliyemfundisha mama wa mtoto? Mama yake, na shangazi zake, na yule bibi aliyemkanda alipojifungua. Anajua haba soda kwa kifua, anajua maji ya mwarobaini kwa upele, anajua siku ya kutotoa chumvi nje. Hajiiti mganga, na ukimwita hivyo atakugombeza. Hata hivyo amesoma tangu kuzaliwa, na anaendelea kusoma kila anapokwenda kumjulia hali mgonjwa wa jirani na kuuliza, "Mlimpa nini?"

Wapo wasiotaka kuyasikia haya kabisa, nao tuwape nafasi yao. Hapa hapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa akichapisha magazeti yake, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwakemea watu waache ushirikina na washike elimu. Wanafunzi wa wanafunzi wake bado wanasema hivyo misikitini, na makanisani nako utasikia yanayofanana. Maalim hajibishani nao. Yeye asema kombe ni dua iliyoandikwa, na pepo hawatibu.

Serikali nayo ina lake. Sheria ya uchawi, Sura ya 67, ilitungwa na Waingereza mwaka 1925 na bado imo katika vitabu vya Kenya. Anayejidai ana nguvu za uchawi ili kutisha au kudhuru watu ana makosa. Na wengi hawajui kwamba kumwita mwenzako mchawi, pasipo kupeleka habari kwa wakuu, ni kosa pia. Kwao Uingereza, sheria yao ya uchawi ya mwaka 1735 waliifuta mwaka 1951. Miaka mitatu baadaye Mwingereza mmoja, Gerald Gardner, akachapisha kitabu akisema uchawi ni dini ya kale na yeye ni mmoja wao. Leo wafuasi wa njia hiyo, Wicca, wako Ulaya na Marekani, na husema bila haya kwamba wao ni wachawi. Nilipomsimulia Maalim alishika kichwa. Nikamwambia kwamba vikundi vyao vingi humtaka mgeni asome mwaka mmoja na siku moja kabla ya kupokewa. "Basi hata hao," akasema, "wanamshinda bwana wa nguzo."

Lile kosa la kumwita mtu mchawi si mzaha. Jirani yetu Kilifi wazee wameuawa, kisa nywele nyeupe na macho mekundu, na mara nyingi ukichimba unakuta shamba ambalo kijana analitaka. Huko Ganze, katika Kaya Godoma, kuna mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Na mara nyingi chanzo ni mganga wa haraka aliyeulizwa "nani ananiroga?" akaona aibu kusema hajui. Maalim asema swali hilo amu yake alimkataza kulijibu, na katika miaka hamsini hajalijibu hata mara moja. "Nikitaja jina leo, kesho kuna maiti."

Hapo nikakumbuka usiku mmoja, na sababu ya kukuambia uweke akilini umbali wa hospitali.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu alikuja na mwanawe wa miaka mitatu. Walikuwa wametoka Msambweni siku nne kabla, mtoto ana homa. Baada ya isha macho yakageuka, mwili ukakakamaa, ukaanza kutetemeka. Degedege. Waliokuwepo nyumbani wakasema ni nyuni, yule ndege apitaye usiku, na kila mmoja akawa na lake: huyu anataka kinyesi cha ndovu kwa moshi, huyu anakataza hospitali katakata, kwani mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Imani hiyo, msomaji, imezika watoto wengi katika pwani yetu. Mpwa wangu, kwa hofu, akambeba mtoto mbio kwa Maalim, nasi nyuma yake.

Maalim alifungua mlango na taa mkononi. Akamgusa mtoto kifuani kwa upande wa nyuma wa mkono, akafunua jicho. Hakuuliza jina la mama. Akasema, "Huyu si wangu. Hospitali, sasa hivi. Mkingoja bodaboda mtachelewa, kimbieni." Mpwa wangu akaanza kulia habari za sindano. Maalim akavaa makubadhi, akamchukua mtoto mwenyewe, akatangulia. Mzee wa miaka ile, na kanzu ya kulalia.

Ilikuwa ni malaria iliyopanda kichwani. Mtoto alidungwa sindano, usiku ule na siku iliyofuata, na leo yuko shule ya msingi na ananisumbua kwa peremende. Lakini ninalotaka ujue ni la baadaye. Siku ya tatu Maalim alirudi wodini, akamngoja daktari kijana amalize mzunguko wake, akamwuliza: mmempa nini, na kimetoka wapi? Daktari, Mungu ambariki, aliketi. Akamweleza kwamba ni artesuneti, dawa iliyotokana na mmea wa Artemisia. Kwamba Wachina walikuwa wakitafuta dawa mpya ya malaria tangu mwaka 1967. Kwamba mtafiti mmoja mwanamke, Tu Youyou, alipekua mapishi ya kale zaidi ya 2,000. Na kwamba mmea huo ulikuwa ukimpa matokeo mazuri leo na mabaya kesho mpaka mwaka 1971, aliporudia maneno ya tabibu Ge Hong, aliyeandika miaka 1,600 hivi iliyopita. Ge Hong alisema majani yalowekwe katika maji na kukamuliwa. Hakusema yachemshwe! Tu akafahamu kwamba moto ulikuwa ukiua dawa, akabadilisha njia, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel.

Maalim alirudi nyumbani akafungua daftari. Haya madaftari ndiyo kazi yake ya kila usiku baada ya isha: nani alikuja, alilalamika nini, alipewa nini, na baada ya siku saba ilikuwaje. Zilizofaulu huandika kwa wino wa buluu. Zilizoshindwa kwa wino mwekundu, nazo, kwa niliyoyaona, si chache. Siku ile aliandika habari ya mtoto wetu, akaandika maneno "kuloweka, si kuchemsha", kisha akaanza kupitia dawa zake zote zinazochemshwa, moja moja, akijiuliza ni ngapi amekuwa akiziua motoni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu. Bado anaendelea, yuko kwenye daftari la kumi na tisa.

Basi nikamwuliza nimjibu nini kijana. Akasema, "Mlete."

Alikuja Alhamisi baada ya alasiri, amevaa shati la kazi ya kuombea kazi, lile la mikono mirefu. Simu ya daktari wa Pemba haishikwi tena. Tulijaribu pale pale mara tatu. Nimemshauri apeleke habari polisi, ingawa zile 7,500 sitarajii kuziona, na dada yake bado anamdai. Maalim hakumwuliza habari za pesa. Alimwuliza nyanya yake alikuwa akitwanga nini. Kijana akataja majina matatu, mawili Maalim aliyajua, la tatu akaomba arudie, akaliandika.

Kisha akampa noti, akamtuma Markiti alete vitu vitano: ubani, mvuje, haba soda, udi, na zafarani kiasi cha kuonja. Akarudi kabla ya magharibi, jasho linamtoka. Vinne vilikuwa sawa. Cha tano Maalim alikitia katika bakuli jeupe la maji. Maji yakawa mekundu papo hapo, na nyuzi zikabaki nyeupe kama pamba. Zafarani ya kweli hutoa rangi polepole, na nyuzi zake hazipauki.

"Nani amekuuzia?" akauliza.

Kijana akaeleza duka.

"Rudi kesho, ununue kwa mwengine. Na kabla hujalipa, omba maji."

Juzi Ijumaa alirudi na nyingine. Nayo ilikuwa ya bandia. Nilipopita jana jioni nilimkuta barazani, chini, rundo la ubani mbele yake, akichambua.

Jumapili ijayo, inshallah, arobaini ya mzazi.